Uzi maalumu: Unataka kuwa mwalimu wa shule ya msingi? Kabla ya kujaza fomu, kaa wiki moja darasa la kwanza

mwalimu_wa_lakwanza (mwanzisha uzi)

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za jioni.

Ni mwalimu wa shule ya msingi huku Sengerema, kazini tangu 2012, na muda mwingi nimekuwa darasa la kwanza. Juzi jirani yangu kaja na matokeo ya kidato cha nne ya kijana wake. Kayaweka mezani, kapumua, kasema: "Mwalimu, mtoto kakosa pa kwenda. Naona aende tu ualimu."

Hilo "tu" limenikaa kooni mpaka leo. Sikumjibu vibaya, ni mama mwema na anahangaika na mwanawe. Ila nimeona niandike kwa urefu, maana nasikia kauli hiyo kila matokeo yakitoka, na watoto wanaokuja kufundishwa na huyo aliyekosa pa kwenda ndio wanangu na wanenu.

Nianze na njia yenyewe.

Sisi wengi tuliopo kazini tuliingia kwa Cheti cha Ualimu Daraja la A, miaka miwili chuoni baada ya kidato cha nne. Miaka ya karibuni sifa ya kuingia imekuwa ufaulu wa divisheni ya kwanza hadi ya tatu, maana yake pointi zisizidi 25. Mwenye divisheni ya nne asidanganywe na mtu yeyote mwenye ofisi ya vichochoroni anayemwambia "leta hela nitakuingiza". Atasoma miaka miwili, na mwisho cheti chake kitamletea maswali asiyoweza kuyajibu. Aliyemaliza kidato cha sita akiwa na ufaulu wa "principal" katika masomo mawili anaingia stashahada, nayo ni miaka miwili. Ipo pia shahada ya ualimu vyuo vikuu, na wenye shahada siku hizi tunao mpaka shule za msingi za vijijini. Kwenye mshahara, mwenye cheti anaanzia ngazi ya TGTS B, stashahada C, shahada D.

Kuna jambo la kuangalia kwa makini: Sera ya Elimu ya 2014, Toleo la 2023, inataka walimu waandaliwe kuanzia kiwango cha stashahada. Kwa hiyo usijaze fomu kwa kufuata alichofanya kaka yako miaka sita iliyopita. Soma tangazo la wizara la mwaka wako, mstari kwa mstari, uone ni kozi zipi zimefunguliwa na kwa sifa zipi. Vyuo vya serikali viko kila kanda: Butimba, Tabora, Kasulu, Korogwe, Marangu, Mpwapwa, Tukuyu, Songea, Bunda, Tarime na vingine vingi. Anayevutiwa na elimu maalumu aulizie Patandi kule Arusha. Mitihani ya mwisho inatungwa na Baraza la Mitihani, siyo chuo, kwa hiyo aliyesoma chuo chenye jina na aliyesoma chuo kisichojulikana wanakutana kwenye karatasi moja.

Hiyo ndiyo njia, unaweza kuisoma popote. Nililokusudia hasa kuandika ni hili lifuatalo.

Chuoni utafundishwa kuandika azimio la kazi, andalio la somo, saikolojia ya mtoto, zana. Utafundishwa kusimama ubaoni. Mkufunzi wetu alikuwa anatufanya tuandike mstari mmoja kuanzia mwanzo wa ubao mpaka mwisho huku tunatembea kiubavu, maana ukisimama sehemu moja na kunyoosha mkono maandishi yanapanda mlima. Alitufundisha kuikata chaki ncha kabla ya kuandika ili isipige kelele. Tulicheka wakati ule. Leo nikiona mwalimu mgeni mwandiko wake umepanda mlima, najua watoto sitini wataunakili ukiwa umepanda hivyohivyo.

Baadaye unapelekwa mazoezi ya kufundisha, BTP. Hapo ndipo utajijua.

BTP yangu ya kwanza nilipewa darasa la kwanza. Nikaingia na kadi zangu nilizokata kwenye maboksi ya sabuni, na kitabu chenye picha ya mtu na jembe. Nikamnyanyua mtoto wa kiume wa mbele, mchangamfu, nikamwambia soma. Akasoma: "Baba analima shamba." Sauti kubwa, bila kukwama. Darasa likampigia makofi. Mwalimu mwenyeji, mama mtu mzima, alikuwa amekaa nyuma kwenye dawati la mwisho. Akainuka taratibu, akaja, akaweka kiganja chake juu ya ile picha. Akamwambia yule mtoto kwa upole: "Rudia, baba."

Mtoto akanyamaza. Akamwangalia mwalimu, akaniangalia mimi, akaangalia kile kiganja. Hakuwa anajua hata herufi moja. Alikuwa anaisoma picha.

Yule mama hakunigombeza. Baada ya kipindi akaniambia, "Wa hivyo humu ndani ni nusu, na wakifika darasa la nne bila mtu kufunika picha, hawatasoma tena." Wiki zote za BTP zilizobaki nilijifunza kwake kitu kimoja tu: sauti. Hufundishi "ma me mi mo mu" kama wimbo wa kwaya. Unamfundisha mtoto "m" kuwa ni midomo iliyofungwa, mmmm, aweke mkono kooni asikie inavyotetemeka. Halafu "a", mdomo wazi. Halafu aunganishe mwenyewe. Siku anayounganisha mwenyewe utaiona usoni mwake kabla hajatamka. Mwaka 2015 tulipoitwa semina ya mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), nikakuta ndicho kilekile alichonifundisha yule mama pale nyuma ya darasa.

Na huku kwetu kuna jambo jingine. Mtoto anatoka nyumbani na Kisukuma chake. Anakuamkia "mwangaluka", na maji kwake ni "minzi". Ukimwonyesha kadi yenye picha ya maji na herufi "m", atapatia herufi kwa bahati tu. Ukimwonyesha picha ya nyumba, atakupa neno la kwao na utadhani hajui kitu. Mwalimu asiyejua hilo atamwita mtoto mzito kumbe mtoto anajua lugha ambayo mwalimu haijui.

Kwa hiyo ombi langu kwa kila anayetaka kujaza fomu: nenda shule ya msingi iliyo karibu, mwone mwalimu mkuu kwa heshima, jieleze, omba ukae nyuma ya darasa la kwanza wiki moja. Usifundishe, kaa uangalie. Ukitoka hapo na bado unataka, jaza.

Maswali karibuni, nitajibu nikimaliza kusahihisha.

---

binti_wa_24

Shikamoo mwalimu. Asante kwa uzi. Mimi nimemaliza kidato cha nne, nina divisheni ya tatu ya pointi 24. Kiswahili C, Historia C, Hesabu D. Nimechaguliwa pia kwenda kidato cha tano. Baba anasema niende ualimu nianze maisha mapema. Mimi ualimu naupenda kweli, ila sijui niende sasa au nimalize sita kwanza.

mwalimu_wa_lakwanza

Marahaba mdogo wangu. Ungekuwa mdogo wangu wa kuzaliwa ningekuambia nenda kidato cha tano. Sababu ni ile ya sera: stashahada ndiyo kunakoelekea, na ukitoka na kidato cha sita mlango wake unauingia wima. Aliyeingia na cheti pekee atalazimika kujiendeleza akiwa kazini, na kujiendeleza ukiwa na vipindi asubuhi hadi mchana, mtoto mgongoni na ada unajilipia mwenyewe, nakuambia kwa sababu nimefanya: unaweza, lakini unachakaa.

Mwambie baba kwa heshima kwamba miaka miwili hiyo haipotei. Hesabu usiidharau hata kama ni D. Shule ya msingi huwezi kusema "mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia". Utapangiwa somo lolote, siku nyingine unaambiwa asubuhi ileile.

---

mhitimu_wa_2016

Mwalimu, nimesoma yote na nakuheshimu. Lakini tusiwape vijana nusu ya habari. Ninyi mlipomaliza chuo mlipangiwa vituo moja kwa moja. Nimemaliza Daraja la A 2016. Mpaka leo najitolea shule ya kata yetu, wazazi wanachanga, wakati mwingine napewa elfu thelathini kwa mwezi, wakati mwingine debe la mahindi. Nafundisha darasa la tatu na la tano. Watoto wananiita mwalimu, mtaani wananiita mwalimu, serikalini sipo popote. Nimeomba kila dirisha lilipofunguliwa. Ualimu naupenda kama wewe. Ila hao vijana waambie na hili.

mwalimu_wa_lakwanza

Kaka, umesema kweli, na ilipaswa niiseme juu kabisa. Samahani.

Sisi wa 2012 tulitoka chuoni, tukakaa nyumbani miezi michache, majina yakatoka, tukaripoti. Hata hivyo haikuwa mteremko. Halmashauri niliyoripoti mwanzo, sitaitaja, ilitukalisha miezi mitatu bila mshahara. Mwalimu mkuu alinipa chumba kwake, mkewe akanihesabu kama mtoto wa nyumba ile. Nilikuwa na barua ya ajira mkononi lakini sabuni ya kufulia naomba. Tofauti ni kwamba nilijua mshahara utakuja. Wewe kwa miaka yote hii hujui.

Kwa vijana: siku hizi kumaliza chuo na kuajiriwa ni vitu viwili tofauti. Ajira za walimu zilihamia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, unaomba mtandaoni, unaitwa kwenye usaili. Awali tulizoea majina kupangwa kupitia TAMISEMI bila usaili. Wapo waliomaliza muda mrefu wanakaa chumba kimoja cha mtihani na waliomaliza jana. Kwa hiyo mambo mawili. La kwanza, vyeti vyako, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA viwe na majina yanayofanana herufi kwa herufi. Nimeona binti amekosa kwa sababu ya "Rehema" na "Rehma". La pili, madaftari ya chuo usifungie maandazi. Yatunze.

mhitimu_wa_2016

Nashukuru mwalimu. Niongezee kwenye hilo la usaili. Mimi nilikwenda nikitegemea uzoefu wa darasani. Uzoefu ninao, lakini karatasi inakuuliza kwa lugha ya chuo: mbinu shirikishi, tathmini endelevu, hatua za andalio. Vitu ninavyovifanya kila siku nilishasahau majina yake. Safari hii nimerudi kwenye madaftari. Kila nikiandaa somo naandika andalio kamili, utangulizi mpaka tafakuri, hata kama hakuna anayelikagua, na nimefuatilia fomati ya mtaala mpya ili nisije kujibu kwa ile ya zamani.

Na kwa wanaojitolea wenzangu: omba barua kwa mwalimu mkuu kila mwaka, yenye muhuri, inayosema umefundisha nini na darasa gani. Usisubiri mpaka ahamishwe.

---

mzee_wa_upe

Vijana wangu, hamjambo. Nimestaafu 2018, nimetimiza sitini nikiwa bado nashika chaki. Nimeona hapo juu mnaulizana juu ya njia ya kuingia, nikaona niwaeleze ya kwetu.

Mimi nilimaliza darasa la saba. Azimio la Musoma lilikuwa limepita mwaka 1974, Mwalimu Nyerere na chama wameamua watoto wote waandikishwe shule ifikapo 1977. Shule zikajengwa kwa nguvu za wananchi, matofali tulifyatua wenyewe. Watoto wakajaa. Walimu hawapo. Basi tukachukuliwa sisi, vijana wa darasa la saba. Asubuhi tunafundisha chini ya uangalizi wa walimu wazoefu, mchana tunakaa na masomo ya posta na redio, na mratibu anapita kutuangalia. Mwisho ndipo tukapelekwa chuo kwa muda mfupi kufunga kazi.

Watu walitucheka. "Walimu wa UPE", yaani wa ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, lilikuwa ni tusi. Nilikuwa na miaka kumi na minane na darasani kwangu kuna mwanafunzi mwenye ndevu. Nataka niseme hivi bila kujitetea: kulikuwa na mambo mengi sikuyajua, na wapo watoto walioumia kwa kutojua kwangu. Sehemu, kwa mfano. Niliwafundisha kugawanya sehemu kwa kukariri "geuza ya pili kisha zidisha" miaka mitano kabla sijaelewa mwenyewe kwa nini unageuza. Nilielewa siku nilipokata muwa. Nusu ya muwa, ukikata vipande vya robo, unapata vipande viwili. Nusu gawanya kwa robo ni mbili. Nilikaa chini pale shambani peke yangu. Jumatatu nikaingia na miwa darasani.

Nikajiendeleza polepole mpaka IIIA, ndilo hilo Daraja la A. Lakini nawaambia, huyo mwalimu wa Sengerema aliyesema mkae nyuma ya darasa, sisi ndivyo tulivyofundishwa, tukiwa ndani ya darasa lenyewe. Kilichotukosesha ni maarifa ya somo. Ninyi mnayapata vyuoni, msiyaache huko.

mwalimu_wa_lakwanza

Shikamoo mzee wangu. Mimi nimefundishwa na mwalimu wa UPE kuanzia la kwanza hadi la tatu. Mwandiko huu nilionao ni wake.

Hilo la muwa nitalipeleka kwa mwenzangu wa darasa la tano. Kila mwaka sehemu zinawachosha.

mzee_wa_upe

Marahaba mwanangu. Tumia miwa myembamba, minene inawahi kuliwa kabla ya hesabu.

---

mwl_mjini

Nipo shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, Dar. Vijana wengi wakikosa ajira serikalini wanakimbilia kwetu, si vibaya. Ila jueni: huku kufundisha ni kwa Kiingereza tangu awali, unafundisha mbele ya mwenye shule siku ya kwanza kama usaili, na mkataba usome kabla ya kusaini, hasa kipengele cha likizo na michango ya hifadhi ya jamii. Wapo wanaokatwa mshahara na michango haifiki. Nenda ukaangalie mwenyewe taarifa yako kwenye mfuko, usingoje kuambiwa.

---

baba_mapacha

Mwalimu, mimi si mwalimu, ni mzazi. Nauliza: mnafundishaje mtoto mmoja mmoja hizo sauti kama darasa lina watoto mia na kitu? Shule ya wanangu la kwanza wamejaa mpaka mlangoni.

mwalimu_wa_lakwanza

Swali zuri na linauma. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 watoto waliokuwa wanabaki nyumbani wamekuja. Hilo ni jambo jema, silirudishi nyuma hata siku moja. Lakini vyumba na walimu havikuja kwa kasi ileile. Nimewahi kuwa na 134 katika chumba kimoja.

Ninavyofanya: nawagawa makundi kwa wanachoweza, siyo kwa umri wala kwa dawati. Wanaounganisha silabi wanakaa upande wa dirisha, kila mmoja ana kadi na mwenzake. Wanaojua sauti chache wanakaa katikati. Wasiojua kabisa wanakaa mbele, miguuni kwangu, juu ya mkeka. Kipindi cha darasa la kwanza kilikuwa dakika thelathini. Dakika kumi na tano ni za mkeka. Kwa siku nawafikia wanane au tisa, uso kwa uso. Naandika majina kwenye daftari dogo ili nisimrudie yuleyule mchangamfu kila siku na kumsahau aliyenyamaza. Ikifika wiki ya tatu nimewazungukia wote wa mkekani, na wengine wameshahamia katikati.

Kuhesabu ni vizibo vya soda. Nina ndoo mbili. Mwenye duka wa sentani ananiwekea.

Wewe kama mzazi, jioni chukua daftari la mapacha wako, funika picha kwa kiganja, waambie wasome. Ukikuta wanakwama, usiwapige wala usiwacheke. Njoo shule umwambie mwalimu wao, atashukuru.

baba_mapacha

Nimefanya jana usiku. Mmoja kasoma. Mwingine kanyamaza kama yule wa kwako. Kesho naenda shule.

---

binti_wa_24

Mwalimu, nimerudi. Nilienda shule ya msingi hapa jirani, mwalimu mkuu kanikubalia, nimekaa siku nne nyuma ya darasa la kwanza B. Siku ya kwanza kichwa kiliniuma kwa kelele. Siku ya pili mtoto wa dawati la mbele yangu alinionyesha daftari lake, kaandika "d" zote zimegeuka kuwa "b". Sikujua la kumwambia. Mwalimu wa darasa akaja, akamwambia akunje ngumi ya kushoto, anyooshe dole gumba juu, akamwonyesha: hii ndiyo "b", fimbo inatangulia, tumbo linafuata. Mkono wa kulia ndiyo "d". Yule mtoto akawa kila akitaka kuandika anaangalia ngumi zake kwanza chini ya dawati. Leo kaandika "dada" bila kukosea, kaangalia ngumi mara moja tu.

Baba amekubali niende kidato cha tano, ualimu baada ya hapo. Ila nina wasiwasi mmoja, usinicheke. Mimi natumia mkono wa kushoto. Leo mwalimu alinipa chaki niandike tarehe, nikaifuta yote kwa mkono huku naandika, na watoto wakasema hawaoni nimewaziba. Vyuoni wanakubali?

mwalimu_wa_lakwanza

Sikucheki hata kidogo. Hakuna chuo kitakachokukataa kwa mkono wa kushoto, na darasani kwako watakuwepo watoto wa kushoto watakaofurahi kumwona mwalimu kama wao.

Ubao ugawe sehemu tatu kwa mistari miwili ya wima, uandike safu moja hadi chini kabla ya kwenda nyingine, ili usitembee ukiwaziba. Inua kiwiko, mkono uwe chini ya mstari unaoandika na kiganja kisiguse ubao. Andika maneno mawili, toka pembeni, waache wasome, rudi. Itakuwa polepole mwanzoni, na kwa darasa la kwanza polepole ndiyo mwendo wenyewe.

Kesho una siku ya tano. Muombe mwalimu ubao baada ya watoto kuondoka. Andika "m" peke yake, kubwa, safu nzima. Halafu nenda ukakae kwenye lile dawati la mwisho uone kama inasomeka.